Athomi wa Kieni: Kukua Kiroho na Kinga ya Mafundisho Potofu

Kukua kiroho, kwa Mkristo wa Mweiga, katika Kaunti ya Nyeri, na vijiji vya Kieni vinavyouzunguka mji huo, kulianza na kitabu. Wakikuyu wa kwanza kubatizwa waliitwa athomi, yaani wasomaji, na jina likawashika hata wale waliosoma kwa kusuasua. Wamisionari Waskoti walifungua kituo cha Tumutumu, upande wa Karatina, mwaka 1908. Wakatoliki wa Shirika la Consolata walikuwa wametangulia kufika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, na baadaye wakaifanya Nyeri kitovu cha kazi yao. Popote walipokwenda, kanisa na darasa vilikuwa banda moja. Aliyeomba ubatizo alikalia benchi kwa muda mrefu akijifunza herufi pamoja na imani, na hakuharakishwa. Agano Jipya kwa Kikuyu lilitoka mwaka 1926, Biblia nzima mwaka 1951.

Mafundisho potofu hustawi pale kitabu kinaporudi mkononi mwa mtu mmoja. Waumini hubeba Biblia zao Jumapili, ni kweli, lakini huzifungua kwenye mstari aliotaja mhubiri tu, na kuzifunga akishahamia mwingine. Wenye kuishika madhabahu na kipaza sauti ndio husema mstari huo una maana gani.

Maandiko yenyewe yanalieleza jambo hili kwa picha ya umri. Barua kwa Waefeso, sura ya 4, inawafananisha wasiokomaa na watoto wanaorushwa huku na huku na kila upepo wa mafundisho. Barua kwa Waebrania, sura ya 5, inawakemea watu ambao kwa muda waliokaa katika imani walipaswa kuwa walimu, ilhali bado wananyonya. Watu wazima, kwa barua hiyo, ni wale ambao akili zao zimezoezwa kupambanua jema na baya. Mazoezi ndiyo yanayotajwa hapo, na mazoezi huchukua muda. Kitabu cha Matendo, sura ya 17, kinawasifu watu wa Beroya kwa sababu waliyapekua maandiko kila siku kuona kama aliyoyasema Paulo ni kweli. Mtume mwenyewe alikaguliwa, wala hakuna mahali panaposemwa kwamba alinuna.

Kusoma hakukuleta utulivu. Mwaka 1929 baadhi ya misheni ziliwadai waumini waikane tohara ya wasichana kwa kutia alama ya kidole gumba, iliyoitwa kirore. Wengi walikataa, wakatoka, wakajenga shule na makanisa huru. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba walikuwa wameisoma Biblia na hawakuona katazo hilo. Walimu wao walikuwa wamewafundisha kusoma, na sasa walikuwa wakijibiwa. Hoja hiyo haikuifanya tohara hiyo isiwe na madhara, na sheria ya Kenya iliipiga marufuku kabisa mwaka 2011. Hata hivyo, kutofautiana na misheni si sawa na kupotoka. Akorino, Wakristo wa Kikuyu wenye vilemba vyeupe, walianza miaka ya 1920 na kwa muda mrefu waliitwa manabii wa uongo. Mwaka 1934 polisi wa kikoloni waliwaua watatu wao katika msitu wa Ndarugu. Leo ni majirani na wateja wa kila mtu sokoni. Kilemba au ngoma haviwezi kuwa kipimo cha upotofu.

Kipimo kilicho karibu zaidi na ukweli kilikuja na uamsho wa Afrika Mashariki. Ulianza Gahini, Rwanda, ukafika Kenya na mkutano wa Kabete mwaka 1937, kisha ukapanda hadi milimani. Waliookoka, ahonoki kwa Kikuyu, walikutana katika ushirika wa kila wiki na kuzungumza juu ya kutembea nuruni: mtu alisimama mbele ya wenzake akataja deni alilolificha, ugomvi na mkewe, au uongo aliomwambia mwajiri. Mchungaji naye aliulizwa, na aliyemuuliza angeweza kuwa mpishi wake. Vita vya Mau Mau vilipozuka mwaka 1952, wapo wana ushirika waliokataa kula kiapo na pia wakakataa bunduki ya serikali, na baadhi yao waliuawa. Ushirika huo nao uliwahi kugeuka mahakama ya mavazi na mikopo, maana kila silaha nzuri hukata pande mbili. Lakini mtu aliyezoea kuulizwa na ndugu zake ni vigumu kumwambia kwamba nabii haulizwi.

Yaliyotokea katika msitu wa Shakahola ndiyo fundisho chungu la upande wa pili. Mhubiri Paul Mackenzie alianza kanisa lake Malindi mwaka 2003, na mahubiri yake hayakuanzia kwenye njaa. Kwanza yalikuja maneno dhidi ya shule, kisha dhidi ya hospitali, kisha Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali, ikaitwa alama ya mnyama. Kila hatua ilimwondoa muumini mbele ya mtu ambaye angemuuliza swali: mwalimu, daktari, karani, shangazi. Walipohamia msituni hapakubaki wa kuuliza. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliofunga hadi kufa. Mackenzie amekana mashtaka. Waliomfuata walitoka sehemu nyingi za Kenya.

Upotofu unaofika Mweiga kwa kawaida ni mdogo kuliko huo, na huja kwa redio, kwa simu na kwa mabango ya krusedi. Jina lake ni mbegu, yaani sadaka ambayo mtoaji huahidiwa kuvuna zaidi ya alichotoa. Mnamo Novemba 2014 runinga ya KTN ilionyesha jinsi mhubiri mmoja wa Nairobi alivyoosha miguu ya wagonjwa kwa maji yaliyotiwa dawa ya potasiamu pamanganeti, yakageuka mekundu, watu wakaambiwa ni damu inayowatoka. Sadaka iliyotakiwa ilikuwa shilingi 310. Ajabu ni kwamba neno hilo linauzwa kwa wakulima. Mwanamke wa Kieni anayepanda viazi hukagua mbegu kiazi kwa kiazi, hukitupa chenye dalili ya mnyauko, na hungoja miezi mitatu au minne akitazama mvua. Mtu huyohuyo hutuma pesa kwa namba ya simu Jumatano akitarajia mavuno Jumapili, na hajauliza mbegu hiyo imetoka shamba gani.

Serikali iliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi baada ya Shakahola, na ripoti yake ikakabidhiwa Julai 2024. Usajili wa makanisa unaweza kumzuia tapeli asifungue akaunti. Kumfundisha muumini kusikiliza kwa makini ni kazi nyingine.

Kazi hiyo hufanyika sebuleni. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo katika mikutano yao ya 1973 na 1976, na Wapresbiteri wana vikundi vyao vya mitaa chini ya wazee wa kanisa. Katika kikao cha aina hiyo majirani kumi au kumi na watano hujibana kwenye makochi yenye vitambaa, chai ikiwa kwenye chupa ya thamosi. Somo husomwa mara mbili. Wengine hufuata kwa Kikuyu, wengine kwa Kiswahili, na mara nyingine tafsiri mbili hazikubaliani, hapo ndipo mjadala unaponoga. Swali lisilojibika hupelekwa kwa katekista au mchungaji. Mama aliyefiwa huuliza kwa nini maombi hayakumponya mumewe, na hakuna anayemwambia imani yake ilikuwa ndogo, kwa sababu wote waliokaa hapo walimjua marehemu. Msomaji mara nyingi huwa msichana wa sekondari, kwa kuwa macho ya wazee yamechoka na herufi ni ndogo. Akikosea jina la mji, nyanya yake aliyesimamia ubatizo wake humsahihisha bila kutazama kitabu.