Kioo Chakavu Mikononi mwa Fundi wa Kitengela
Aghalabu sanaa ya kioo huelezwa kuanzia tanurini. Makala haya yanashikilia kwamba huanzia jalalani. Huko Kitengela, Kaunti ya Kajiado, ambako msanii mzaliwa wa Ujerumani, Nani Croze, alianzisha karakana ya kioo, malighafi ni vioo vya madirisha na chupa zilizotupwa. Fundi huvichambua, huviosha na kuvivunja, kisha huviyeyusha kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Akichanganya vioo visivyosinyaa kwa kiwango kimoja vinapopoa, chombo hupasuka. Kwa fundi anayejitegemea, ufa huo ni ujira uliopotea. Kuchambua, basi, ni nusu ya ufundi. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuukusanye msamiati wa kazi hiyo kwa mafundi wenyewe, ungali vinywani mwao.