Baisikeli Katika Nchi ya Uholanzi

Uholanzi ni nchi ndogo ya Ulaya iliyo kando ya bahari. Robo ya nchi hiyo i chini ya usawa wa bahari, na tangu zamani wenyeji wamejenga kuta kubwa za udongo ili maji yasiwagharikishe. Nchi ni tambarare kama sinia; vilima ni haba, navyo si virefu. Watu wake wapata milioni 18, lakini baisikeli zao zazidi milioni 20. Hata kama watu wote wangepanda kwa saa moja, pamoja na vitoto vichanga na wagonjwa walio vitandani, zingalibaki baisikeli nyingi zisizo na wa kuzipanda.

Katika nchi nyingine baisikeli ni chombo cha mtu asiyeweza kununua motakaa, au cha vijana wapendao mashindano. Kwa Waholanzi ni chombo cha kila mtu. Mwashi huipanda, na hakimu huipanda. Bibi kizee huipanda aendapo sokoni, na kikapu chake amekifunga nyuma. Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 2010 hata 2024, alionekana mara nyingi akienda kazini kwa baisikeli, wala watu hawakusimama kumtazama. Mpandaji havai mavazi ya pekee. Huvaa nguo zake za kazi, au za arusi ikiwa ndiko aendako.

Baisikeli yenyewe imefanywa kwa ajili ya kazi hiyo. Aina ya kale ni nyeusi na nzito, na mpandaji huketi wima apate kuona mbali. Cheni imefunikwa isichafue nguo, na gurudumu la nyuma lina kinga ili koti lisinaswe. Nyingi hazina breki ya mkono. Mtu akitaka kusimama hukanyaga pedali kinyume. Watu wa Afrika ya Mashariki wazijuao baisikeli nyeusi nzito, zile zibebazo gunia la mahindi au mkungu wa ndizi, wakiziona hizo watasema ni ndugu moja. Tena ziko nyingine zenye sanduku kubwa mbele, na humo huketi watoto wawili au watatu pamoja na mboga za siku ile.

Asubuhi njia hujaa watoto waendao shule. Sheria yaruhusu watu wawili kwenda sambamba, kwa hiyo marafiki huongozana wakizungumza njia nzima, kama watembeao kwa miguu. Mpandaji husikia ndege wakilia, na apitapo penye mwoka mikate hupata harufu yake. Akimwona jirani hupiga kengele na kumwamkia. Hangoji gari, halipi nauli, na mwili wake wapata nguvu bila yeye kukusudia. Mvua ikinyesha, wengine hushika mwavuli kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono wa pili. Adui mkubwa ni upepo wa baharini, maana hakuna milima ya kuuzuia. Lakini upepo uliomsumbua mtu asubuhi, usipogeuka, jioni humsukuma mpaka nyumbani.

Mtu aweza kudhani kwamba mambo hayo yote yametokana na ardhi tambarare. Kumbe ardhi ilikuwa tambarare vile vile zamani, na hata hivyo baisikeli ilikaribia kushindwa. Baada ya mwaka 1950 Waholanzi walianza kupata mali, wakanunua motakaa kwa wingi. Nyumba zilibomolewa ili barabara zipanuliwe. Katika mji wa Utrecht sehemu ya mfereji wa kale ilikaushwa, ikafanywa barabara kuu ya motakaa. Wapanda baisikeli wakapungua mwaka baada ya mwaka kwa kuona hofu. Katika mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 waliuawa barabarani, na miongoni mwao watoto walikuwa zaidi ya 400.

Wahenga walisema, ajali haina kinga. Walakini wazazi wengi wa Uholanzi hawakukubali kwamba watoto wao walikufa kwa ajali isiyozuilika. Mwaka 1972 kilianzishwa chama, na jina lake kwa Kiswahili ni "Komesheni Mauaji ya Watoto." Wazazi walifunga njia ili watoto wacheze, wakawaendea wakubwa wa serikali na kudai njia za salama. Mwaka wa pili yake, nchi za Kiarabu ziliizuilia Uholanzi mafuta. Serikali ikakataza motakaa siku za Jumapili, kuanzia tarehe 4 Novemba 1973. Barabara kuu zikawa kimya. Watu walitembea na kupanda baisikeli katikati yake. Wakaona kwa macho yao jinsi miji ingeweza kuwa.

Ndipo kazi ilipoanza. Katika miji ya Tilburg na Den Haag njia za baisikeli zilijengwa kwanza kwa kujaribiwa, kisha miji mingine ikafuata. Leo njia hizo zapita kilomita 35,000. Nyingi zimetengwa na barabara ya motakaa kwa ukingo wa mawe au kwa majani, na rangi yake ni nyekundu ili zitambulike. Penye njia panda ziko taa za wapanda baisikeli peke yao. Sheria nayo humtwika mzigo mwenye chombo chenye nguvu: motakaa ikimgonga mtoto aliye chini ya miaka 14, ni shida sana kwa mwendeshaji kukwepa kulipa. Watoto hufundishwa shuleni kanuni za njia, wakapewa mtihani. Utrecht imejenga chini ya stesheni yake ghala la kuwekea baisikeli 12,500, na mwaka 2020 maji yalirudishwa katika mfereji ule uliokaushwa.

Kazi haijaisha. Katika mwaka 2023 watu 684 walikufa katika njia za Uholanzi, na 270 kati yao walikuwa wapanda baisikeli, wengi wao wazee. Hata hivyo hesabu hiyo haifikii robo ya ile ya mwaka 1971, ingawa watu wa nchi wameongezeka kwa mamilioni.

Mtoto wa Uholanzi apigaye kengele na kupita asubuhi hawazi habari hizo. Yeye awaza kuwahi darasa. Lakini njia nyekundu aipitayo ilipatikana kwa sababu wazazi waliofiwa hawakunyamaza, na wakubwa wakasikia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.