Mtoto mwenye himofilia naye achanjwe

Nasikia wazazi hapa Pwani wakisema mtoto mwenye himofilia hana kinga, na sindano itammaliza. Ndugu zangu, naomba tuyatenganishe mambo haya mawili.

Himofilia ni upungufu wa protini ya kugandisha damu, namba 8 au namba 9. Askari wa mwili wanaopigana na maradhi wako imara. Hofu yetu ina chanzo: miaka ya 1980 wagonjwa wengi duniani waliambukizwa virusi vya Ukimwi kupitia dawa zilizotengenezwa kwa damu ya watu. Virusi hivyo ndivyo vilivyoua kinga, si himofilia.

Kwa hivyo chanjo humfaa kama wenzake. Tena anayetumia damu ya wengine ahitaji zaidi kinga ya homa ya ini aina ya B, ambayo hapa Kenya imo katika chanjo za wiki ya 6, 10 na 14.

Mwambie muuguzi mapema. Atumie sindano nyembamba kabisa, kisha pabanwe dakika 10 bila kusuguliwa. Akipata homa, mpe parasetamoli, si aspirini. Pakivimba, mrudishe hospitali upesi.