Kutu Ilayo Nyumba kwa Ndani

Mtu atembeaye katika miji ya pwani, kama Mombasa au Malindi, hakosi kuona nyumba ambayo zege la dari yake limepasuka na kuanguka vipande, vyuma vikaachwa wazi, vyekundu kwa kutu. Wengi huilaumu saruji. Lakini mara nyingi kilichoharibika kwanza ni chuma kilichomo ndani.

Zege jipya lina ukali mfano wa magadi, na ukali huo hukivika chuma ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo izuiayo kutu. Adui wa ngozi hiyo ni wawili. Wa kwanza ni ile hewa itokayo katika pumzi na moshi, ambayo hupenya zege polepole, mwaka baada ya mwaka, na kuupunguza ukali ule. Wa pili ni chumvi, naye ni mbaya zaidi, kwa maana haungoji ukali uishe bali huitoboa ngozi yenyewe. Kutu ikisha kuanza hutaka nafasi mara 2 au zaidi ya chuma ilichokila. Na kwa kuwa haina pa kwenda, hulipasua zege.

Basi ajengaye afanyeje? Mchanga wa ufuoni na maji ya bahari visiingie kamwe katika zege lenye vyuma, ijapokuwa huchotwa bure. Vyuma navyo vifunikwe vema: ndani ya nyumba pakavu zege la milimita 25 laweza kutosha, lakini penye upepo wa bahari 50 si nyingi. Kipimo hiki hakishikwi kwa kukisia. Fundi stadi huviinua vyuma juu ya vijitofali vya saruji kabla ya kumwaga zege. Tena asizidishe maji ili koleo lipite kwa urahisi, kwani maji hayo yakikauka huacha vitundu, na vitundu ndivyo mlango wa chumvi. Zege lishindiliwe, kisha lilowanishwe siku 7 kwa uchache.

Huko Progreso, nchi ya Meksiko, gati lililojengwa kati ya 1937 na 1941 kwa chuma kisichoshika kutu limedumu baharini miaka mingi, hali jirani yake la baadaye, la chuma cha kawaida, limeliwa. Chuma hicho ni ghali, hakimfai kila mtu. Hata kupaka vyuma rangi ngumu si kinga kamili: katika madaraja ya visiwa vya Florida, Marekani, vyuma vilivyopakwa hivyo vilionekana na kutu mwaka 1986, miaka michache tu baada ya kujengwa.

Na aliye na dari iliyokwisha kupasuka asidanganywe kwa lipu mpya. Zege bovu libomolewe mpaka nyuma ya chuma, kutu isuguliwe yote, ndipo lirudishiwe jipya.