Manowari ukutani: soko la mabango ya mtindo wa zamani

Baharia wa Jeshi la Wanamaji la Marekani hakai sana kituo kimoja. Miaka miwili au mitatu ikipita, barua ya uhamisho imefika: kutoka Norfolk, Virginia, kwenda San Diego, kutoka San Diego kwenda Yokosuka, Japani, baadaye Pearl Harbor, au Rota kule Hispania. Familia inafungasha, watoto wanabadili shule, na nyumba mpya inawapokea na kuta tupu. Kuta hizo ndizo zinazolisha biashara moja ndogo yenye wapenzi wake: mabango yaliyochorwa kwa mtindo wa miaka ya 1930, rangi chache zilizotulia, jina la mahali kwa herufi nene chini, yakisifu kambi ya wanamaji, manowari au ndege yake, jinsi mabango ya zamani yalivyosifu fukwe za Ufaransa na hoteli za milimani.

Bidhaa yenyewe ni karatasi tu. Vipimo vinavyopendwa ni inchi 18 kwa 24 na inchi 24 kwa 36, kwa kuwa fremu za ukubwa huo zinauzwa tayari madukani. Karatasi huwa nzito na isiyong'aa, wino ni wa aina isiyopauka upesi, na bango husafiri likiwa limeviringishwa ndani ya bomba la kadibodi. Thamani inayomfanya mtu alipe ni ya kitu kingine, nami naamini wafanyabiashara wanaokielewa kitu hicho ndio wanaodumu: mnunuzi anajinunulia miaka yake mwenyewe. Hapo Pensacola ndipo alipojifunza kurusha ndege. Hapo Norfolk ndipo mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Bango la pwani ya Italia linaweza kupamba sebule ya mtu yeyote. Bango la kituo kidogo cha ndege za wanamaji linamtafuta mtu aliyewahi kulala pale.

Sura tunayoiita ya zamani ilizaliwa na uhaba. Kati ya mwaka 1936 na 1943, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi na miaka iliyoufuata, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliwalipa wasanii waliokosa kazi wachore mabango ya afya, usalama kazini, maonyesho na hifadhi za taifa. Mwanzoni walichora kwa mkono, bango moja baada ya jingine. Msanii Anthony Velonis, akiwa New York, ndiye aliyewavuta wenzake kwenye uchapaji wa skrini, na kasi ikaongezeka ghafla: mradi huo wa serikali ulitoa takriban mabango milioni 2 kutokana na michoro 35,000. Lakini kila rangi ilidai skrini yake, muda wake wa kukauka na jasho lake. Msanii akalazimika kujibana. Anga alilipa rangi moja, bahari mbili, na meli ikabaki kivuli chenye mwanga upande mmoja. Mabango mengi yalibandikwa, yakanyeshewa, yakachanwa. Yanayojulikana kusalia yanakadiriwa kuwa 2,000 hivi, na zaidi ya 900 kati yake yako Maktaba ya Bunge mjini Washington. Kwa hiyo nakala halisi ni mali ya minadani na makumbusho, na mnunuzi wa kawaida ameachiwa mtindo. Leo kompyuta ya mchoraji ina mamilioni ya rangi, na bado fundi anayejua kazi yake hujifunga kwa rangi sita au saba, kwa sababu macho ya mnunuzi yameshajifunza kuuona uhaba ule kama uzuri.

Bahari nayo imekuwa ndani ya ufundi huu tangu zamani. Norman Wilkinson wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1878, alichorea mabango kampuni za reli zilizomiliki pia meli za abiria. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akihudumu katika jeshi la akiba la wanamaji, mwaka 1917 alipendekeza meli zipakwe mistari na pembe za rangi zinazogongana ili nahodha wa nyambizi ashindwe kukadiria zinakoelekea. Mkono uliozoea kuvuta jicho la abiria kituoni ulitumika kulidanganya jicho la adui. Marekani ilikuwa na McClelland Barclay, aliyechora mabango ya kuandikisha mabaharia na kuvaa sare mwenyewe. Alifariki Julai 1943 katika Visiwa vya Solomon, meli aliyopanda ilipopigwa torpedo. Kisha yupo A. M. Cassandre, ambaye mwaka 1935 aliichora meli ya abiria Normandie ikitazamwa kutoka majini, omo lake likisimama kama ukuta na kujaza bango zima. Miaka saba baadaye Normandie iliungua na kupinduka bandarini New York ilipokuwa ikigeuzwa meli ya kubebea askari, ikaishia chuma chakavu. Bango lake limeishi. Nakala halisi huuzwa kwa maelfu ya dola, na pembe ile ya kutazama kutoka chini imerithiwa na karibu kila anayechora manowari kwa mtindo huu.

Kwa upande wa sheria, mlango uko wazi upande mmoja na una mlinzi upande wa pili. Kazi iliyofanywa na mtumishi wa serikali kuu ya Marekani akiwa kazini haina hakimiliki nchini humo. Picha alizopiga mpigapicha wa jeshi la wanamaji, za manowari ikiingia bandarini au ndege ikitua sitahani, ni mali ya umma, na mchoraji anaweza kuzitumia kama msingi wa kazi yake bila kumlipa mtu. Hiyo ni ghala ya malighafi ambayo biashara nyingi za sanaa hazina. Lakini majina, nembo na alama ni suala jingine. Sheria ya Marekani inaruhusu majeshi kusajili alama zao na kutoza ada kwa leseni. Fedha hizo hulipia kwanza gharama za usajili na usimamizi, na zinazobaki huenda kwenye ustawi na burudani za askari. Jeshi la Wanamaji lina ofisi yake ya leseni, na muhuri wake rasmi hautolewi kwa biashara. Watengenezaji wa ndege nao hulinda majina yao. Textron, wamiliki wa helikopta za Bell, walivutana mahakamani na kampuni ya michezo ya kompyuta Electronic Arts mwaka 2012 kuhusu helikopta zilizoonekana kwenye mchezo wa vita, kabla ya kupatana. Mchoraji mwenye mtaji mdogo anapaswa kusoma kisa hicho mara mbili kabla ya kuandika jina la ndege chini ya bango lake.

Malighafi ya bure nayo ina hatari yake, na mfano bora uko Uingereza. Mwaka 1939 serikali ilichapa karibu nakala milioni 2.5 za bango la Keep Calm and Carry On kwa ajili ya siku mbaya za vita, kisha nyingi zikasagwa kuwa karatasi upya bila kubandikwa. Mwaka 2000 nakala moja ilikutwa ndani ya boksi la vitabu kwenye duka la Barter Books mjini Alnwick. Wenye duka waliitundika, wateja wakaiulizia, wakaichapa upya. Kwa kuwa hakimiliki ya Taji, yaani ya serikali ya Uingereza, ilikuwa imekwisha, baada ya muda mfupi dunia nzima ilikuwa ikiichapa kwenye vikombe, fulana na mazulia ya mlangoni. Mwaka 2011 kampuni nyingine ikasajili maneno yale kama alama ya biashara katika Umoja wa Ulaya. Walioliokota bango hawakuwa na kinga yoyote dhidi ya waliokuja baadaye. Anayechapa upya bango la zamani anauza kitu ambacho jirani yake anaweza kukiuza kesho kwa bei ya chini; anayechora jipya kwa mtindo wa zamani anamiliki anachouza. Kwa mawazo yangu, tofauti hiyo pekee inatosha kumwambia kijana mwenye kipaji aweke nguvu zake wapi.

Tuje kwenye hesabu. Chukua bango linalouzwa dola 30, usafirishaji ukiwa ndani ya bei, kwenye soko la mtandaoni la Etsy nchini Marekani. Kulitangaza ni senti 20. Ada ya mauzo, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 6.5 mwezi Aprili 2022, ni dola 1.95. Kupokea malipo ni asilimia 3 na senti 25 juu yake, yaani dola 1.15. Zimeondoka dola 3.30. Mteja akiwa amekuja kupitia matangazo ambayo soko limeyaweka nje ya tovuti yake, inakatwa hadi asilimia 15 zaidi, dola 4.50. Zinabaki dola 22.20 za karatasi, wino, bomba, posta, leseni na kodi, na mwishoni kabisa mchoraji. Ndiyo maana wengi wamehamia uchapaji wa oda, ambapo kampuni kama Printful, iliyoanzishwa mwaka 2013, huchapa nakala moja mteja anapolipa na kuituma moja kwa moja. Faida kwa kila nakala inapungua, lakini hakuna stoo wala rundo la mabango ya kambi ambayo hayakupata mnunuzi. Teknolojia hii ndiyo iliyowezesha bango la kituo kidogo kuwepo. Zamani hakuna mchapaji ambaye angewasha mashine kwa ajili ya watu mia mbili.

Hao watu mia mbili wana thamani kubwa kuliko wanavyoonekana. USS Midway, manowari ya kubebea ndege iliyotumika tangu 1945 hadi 1992 na sasa ni makumbusho San Diego, hupokea zaidi ya wageni milioni moja kwa mwaka, na duka la makumbusho ni mlango mkubwa wa mauzo. Lakini kila mchoraji anaichora. Kikosi kilichovunjwa au meli ya ugavi ambayo haikuwahi kuonekana kwenye sinema haina mshindani. Kikosi huagiza mabango kwa pamoja kwa ajili ya kuwaaga maofisa wanaohama, na chama cha mabaharia wa zamani huagiza kabla ya mkutano wao. Meli inapostaafishwa mahitaji hupanda. USS Enterprise, manowari ya kwanza ya kubebea ndege inayotumia nguvu za nyuklia, ilianza kazi mwaka 1961 na kusimama 2012. Meli ya namna hiyo hubeba watu wapatao 5,000 kwa wakati mmoja, nawe zidisha kwa zamu za nusu karne. Ndege aina ya F-14 Tomcat iliondolewa kazini na Jeshi la Wanamaji la Marekani mwaka 2006, lakini filamu za Top Gun za 1986 na 2022 zimeifanya ipendwe hata na watu ambao hawakuwahi kuisikia ikiunguruma. Msimu nao unajulikana: maonyesho ya ndege wakati wa joto, siku ya kuzaliwa kwa jeshi hilo Oktoba 13, iliyotimiza miaka 250 mwaka 2025, halafu Krismasi.

Tishio jipya ni programu za akili mnemba zinazochora bango kwa sekunde. Bei zitashuka, hilo silipingi. Lakini mnunuzi wa soko hili si mtu wa kawaida. Mnara wa manowari ya kubebea ndege hukaa upande wa kulia ukiangalia mbele. Katika historia, Akagi na Hiryū za Japani ni kati ya chache mno zilizouweka kushoto. Mchoro ukiuhamisha mnara, au ukiipa meli namba isiyo yake, aliyehudumu humo ataona kabla hajatoa pochi. Tena mahakama ya rufaa ya Washington ilithibitisha Machi 2025 kwamba kazi isiyo na mwandishi binadamu haipati hakimiliki Marekani. Anayeuza picha iliyotungwa na mashine peke yake yuko pale walipokuwa wenye duka wa Alnwick: hana ukuta wa kujikinga.

Kwetu Afrika Mashariki, soko hili lina mpaka wa wazi. Tanzania na Kenya hazitaki kambi za jeshi zipigwe picha ovyo, na raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za majeshi. Bango la kusifu Mtongwe, kituo cha wanamaji wa Kenya, ni jambo la kuombea ruhusa kabla ya kushika penseli. Historia, hata hivyo, iko wazi. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo, kundi la manowari za Uingereza lilihamishia makao yake Kilindini, na wavunja siri za mawasiliano wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram, Mombasa. Tangu 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilitua Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban, na mabango ya shirika lile leo yanagombewa minadani London. Mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa na watu wake wenyewe katika delta ya Rufiji mwaka 1915, umesimama Fort Jesus ambako watalii hupita kila siku.

Lakini ningekuwa na mtaji, ningeanza na Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipandevipande ndani ya maelfu ya makasha hadi Kigoma, ikafungwa mzinga uliotoka Königsberg, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kama meli ya abiria. Imebeba vizazi kati ya Kigoma, Kasanga na Mpulungu, na mwaka 2015 iliwatoa wakimbizi wa Burundi Kagunga. Watu waliosafiri nayo leo wako Bujumbura, Lubumbashi, Dar es Salaam na ng'ambo, nao wana kuta. Mashine za kuchapa mabango makubwa ya plastiki zimejaa Kariakoo na katikati ya Nairobi. Kinachokosekana ni karatasi ya pamba, inayoagizwa nje kwa bei ghali, na mchoraji atakayekaa na picha za meli hiyo hadi ajue kila dirisha lake. Akiikamilisha kazi yake, sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa hakimiliki maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya hapo.