Pistole mpya inakwama: ondoa kidole kwanza, kisha tafuta sababu

Swali moja ilitufikia hapa redio, Kisenge, kutoka kwa mutu mwenye ruhusa ya kubeba silaha. Alinunua pistole mpya. Lisasi ya kwanza inatoka vizuri, ya pili vilevile. Ya tatu, kile chuma cha juu kinabaki katikati, hakiende mbele wala nyuma. Anauliza: "Waliniuzia kitu mbovu?"

Pengine njo vile, lakini mara mingi hapana. Pistole mpya inaweza kukwama juu ya mambo madogo sana. Hatari kubwa iko katika ile dakika mutu anakasirika na kuanza kuivuta, kuigonga mezani, kuangalia ndani ya mudomo wake.

Wengi kati yenu munaosoma hamuna pistole na hamuitafute. Hata hivyo, polisi na askari wanaishi nasi, wanapanga nyumba katika kiwanja kimoja na sisi, wanasafisha silaha pale watoto wanacheza. Lisasi ikitoka kwa bahati mbaya, ukuta wa matofali ya udongo si kitu cha kutegemea. Kwa hiyo mambo haya yanamuhusu jirani pia.

Pistole ya namna hii inafanya kazi hivi. Masasi yanapangwa ndani ya shargeri, kile kisanduku kinachoingia katika mukono wa pistole. Chini ya masasi iko resori inayoyasukuma juu. Ukivuta gasheti, lisasi inatoka, na nguvu ya ule mulipuko inarudisha kulasi nyuma, maana yake kile chuma cha juu. Kikirudi nyuma kinatupa ganda tupu inje. Kikienda mbele kinasukuma lisasi mpya ndani ya chumba. Yote haya yanapita katika kipande kidogo cha sekunde. Kama kitu kimoja kinachelewa kidogo tu, mashine yote inasimama.

Tuanze na shargeri, juu njo inayosumbua zaidi. Resori yake ikiwa mpya inakuwa ngumu, na mutu akijaza masasi mpaka mwisho, shargeri haipande vizuri mpaka kukamatwa. Inaonekana imeingia, kumbe bado milimita mbili. Kama midomo yake ya juu ilipindika kwa kuanguka chini, lisasi inakuja upande na kugonga pasipo mahali pake. Jaribu rahisi: kama iko na shargeri mbili na inakwama paka na moja, basi tumepata mwenye kosa. Ni vizuri kuandika namba juu ya kila shargeri ili hapana kuzichanganya.

Ya pili ni mafuta. Pistole inatoka kiwandani na mafuta mazito ya kuilinda na kutu, si ya kupigia. Mutu asipoyasafisha, chuma kinatembea polepole kama mutu katika matope. Lakini kuna wengine wanafanya kinyume: wanamwaga mafuta mingi. Hapa kwetu, na vumbi nyekundu ya barabara na ile nyeusi ya manganezi, mafuta mingi inageuka kuwa uji wa muchanga ndani ya silaha. Kitabu kinachokuja na pistole kinaonyesha mahali pa kuweka tone moja moja. Kisome hata kama iko mu kifaransa cha viwanda.

Kisha masasi yenyewe. Lisasi ya zamani, iliyolala katika unyevu, inaweza kukosa nguvu ya kurudisha kulasi mpaka nyuma. Hapo ganda tupu linakamatwa mulangoni, linasimama wima kama shimini ya jiko. Mukono unaolegea unaleta jambo lilelile: pistole yote inarudi nyuma pamoja na mukono, na kulasi inakosa mahali pa kuegemea. Muuzaji hapendi kusema hivyo kwa mununuzi, lakini hata mupigaji anaweza kuwa sababu.

Sasa sauti. Masikio yanasaidia kuliko macho.

Ukivuta gasheti na kusikia "tik" tu, hapana kufungua mara moja. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Mudomo wa pistole unabaki kuelekea mahali salama, kidole inje ya gasheti, unangoja nusu dakika au zaidi, kisha unatoa shargeri na ile lisasi.

Ukisikia "puf" ya chini, bila nguvu ya kawaida, simama kabisa. Hii njo mbaya kuliko zote. Pengine lisasi haikutoka. Imebaki ndani ya mutuba wa chuma. Ukipiga ingine nyuma yake, chuma kinaweza kupasuka mukononi mwako. Na kama ukivuta mara moja inapiga mara mbili, hapana kuendelea kujaribu kuona kama itarudia. Hiyo ni kazi ya armirie.

Kwa silaha iliyokwama, ngazi ni hizi: kidole inje, mudomo kuelekea mahali ambapo hakuna mutu, kutoa shargeri, kuvuta kulasi nyuma, kisha kuangalia ndani ya chumba kwa macho na kugusa kwa kidole. Kulasi ikikatala kurudi, hapana nyundo, hapana kuisukuma na goti. Inabebwa vile iko, na mwenye kuipokea anaambiwa wazi kwamba inaweza kuwa na lisasi ndani.

Hapa nataka kukaa kidogo, juu watu mingi wanadanganyika. Wanasema: "Nilishatoa shargeri, haina kitu tena." Uongo. Ile lisasi iliyoingia chumbani inabaki pale. Wazoefu nao wanaanguka hapa, na sababu moja iko katika historia yetu. Pistole iliyojulikana sana kwa Wabelgiji ni GP, iliyotengenezwa na FN ya Herstal, karibu na Liège. John Browning, Mwamerika, aliianza. Alifia pale Herstal mwaka 1926, na Dieudonné Saive akaimaliza. Ilitoka 1935, na masasi 13 ndani ya shargeri. GP ya asili iko na kipande kinachozuia gasheti wakati shargeri imetoka. Mutu aliyejifunza na hiyo anazoea: hakuna shargeri, hakuna lisasi.

Lakini Tokarev ya Warusi haina zuio hilo, na ile ya asili haina hata kitufe cha sikirite pembeni. Makarov vilevile inapiga bila shargeri. Glock, iliyotoka Austria miaka ya 1980, inakudai uvute gasheti ili kuifungua kwa kuisafisha. Fikiria sasa mutu aliyetoa shargeri, akasahau chumba, akavuta gasheti ili asafishe, na mutoto amekaa mbele yake. Hata GP haiaminike kwa macho: mafundi wengine waliondoa kile kipande ili gasheti ikuwe laini.

Juu ya fundi: kwetu fundi anatengeneza moto, pompi, simu, kila kitu, na ninawaheshimu. Silaha ni mambo ingine. Kukata resori au kupiga lima juu ya gasheti kunafanya pistole ipige yenyewe ikianguka. Tena kuna sheria. Ordonansi ya tarehe 3/9/1985 juu ya silaha na masasi inadai ruhusa ya Serikali, na raia anayekamatwa na silaha ya vita anaweza kufika mbele ya korti ya kijeshi. Silaha mbovu haibebwe sokoni ndani ya mufuko, wala kuvushwa mupaka kuelekea Angola au Zambia ili "kuibadilisha" kama simu.

Mwenye ruhusa ajulishe kwanza polisi kwa njia ya kawaida, silaha ikiwa tupu kama inawezekana, shargeri peke yake, masasi peke yake, karatasi mukononi, na namba iliyoandikwa juu ya chuma ifanane na ile ya karatasi. Armirie atauliza mambo matatu: ilikwama kwenye lisasi ya ngapi, shargeri gani, masasi ya sanduku gani. Uandike majibu siku ileile, na ubebe ganda moja au mbili kati ya yale yaliyokwama. Alama iliyo nyuma ya ganda itamuambia mengi kuliko maneno yako.