Je, Wajua Samaki wa Bwawani Husikia Nyayo Zako?

Ukikaribia bwawa la samaki, tilapia na kambare hukusikia kabla hujawamwagia chakula. Kishindo cha nyayo hupita ardhini kikaingia majini, na humo sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.

Watu wengi humhesabu samaki kuwa kiziwi kwa kuwa hana masikio ya nje. Hayahitaji. Mwili wake una uzito unaokaribiana na ule wa maji, kwa hiyo sauti humpenya na kumtikisa pamoja nayo. Ila ndani ya kichwa, kila upande, mna vijiwe vitatu vya chokaa vilivyo vizito kuliko nyama inayovizunguka. Mwili ukitikisika, vijiwe huchelewa kuufuata. Kule kuchelewa hupinda vinyweleo vilivyo chini yake, navyo hupeleka habari kwenye ubongo. Huko ndiko kusikia kwake.

Kambare amejaliwa zaidi. Hewa iliyo katika kibofu chake hubanwa na kutanuka sauti inapopita, kisha mnyororo wa mifupa midogo hufikisha mtikisiko huo sikioni. Mjerumani Ernst Heinrich Weber aliieleza mifupa hiyo mwaka 1820. Tilapia hana, ndiyo maana yeye husikia hasa sauti nzito, ilhali kambare hunasa hata zilizo nyembamba na hafifu. Mwaka 1923 Karl von Frisch, yule yule aliyekuja kufumbua ngoma ya nyuki, alitoa habari za samaki wa jamii ya kambare, tena kipofu, aliyemfunza kuja akipigiwa mluzi.

Na samaki hujibizana! Dume la tilapia hutoa sauti za chini anapombembeleza jike au kumfukuza mpinzani. Katika Ziwa Viktoria yupo samaki mdogo aitwaye Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Sauti za madume wake hutofautiana na za spishi jirani, na majike huzizingatia wanapochagua mwenzi. Gogogo, anayevuliwa ziwani humo na katika mto Tana, yeye husugua shina la mwiba wa pezi lake ndani ya kiungo chake hadi ukasikia mkwaruzo ukiwa umemshika mkononi.

Kwa mfugaji, elimu hii ina kazi. Mngurumo wa pampu ya maji ni sauti nzito, ile ile anayoisikia tilapia vizuri, kwa hiyo mimi ningeiweka mbali na bwawa, hasa samaki wanapotaga. Na kabla ya kulisha, gonga ndoo mara chache, kila siku mahali pale pale. Watajifunza kuja, nawe utawakagua kwa karibu: nani hali, nani ana kidonda, nani amedumaa.